Sisi wa Kabale tusiambiwe hita ni mzigo

Mhariri,

Salamu kutoka huku Kabale, milimani kusini-magharibi mwa Uganda, mvua imepiga usiku kucha na mpaka hivi ninavyoandika vidole bado havijashika joto. Gazeti lako huwa nalipata kwa madereva wa malori, wakishamaliza wao ndo linafika kwangu likiwa na alama za vikombe vya chai, kwa hiyo usishangae nikijibu jambo lililotoka siku nyingi. Kuna msomaji mwenzetu aliandika kwamba hizi pikapu za zamani za dizeli hita, ile ya kupasha joto kabini, ikianza kuvuja maji dawa ni moja, kata zile hozi mbili za maji zinazoingia humo, unganisha, sahau, maana huku kwetu jua lipo la bure na hita waliwekewa Wajapani na theluji yao. Nilicheka, maana hata mimi maneno hayohayo nilishawahi kuyasema, tena nimesimama Masaka saa nane mchana shati limelowa jasho.

Ila yule ndugu nadhani hajawahi kutoka Kisoro saa kumi usiku na mzigo wa viazi. Kabale iko juu karibu mita 2,000, na ukitoka Kisoro kuja huku lazima upande mlima wa Kanaba halafu upite msitu wa Echuya kwenye mianzi, na kwa hiyo saa ukungu unakuwa mzito mpaka taa za gari zinarudi machoni kwako mwenyewe. Hapo mko watatu ndani ya kabini, mimi, kijana wangu wa kupakia, na mama mmoja mwenye mzigo ambaye amekataa kukaa nyuma na ana haki yake, wote mnapumua, nguo zimelowa, kioo cha mbele kinaziba ukungu kwa ndani. Waipa haisaidii kitu maana inafuta nje. Kinachofuta ndani ni ile hewa ya moto ya hita inayotoka pale chini ya kioo. Ukifungua dirisha unakufa baridi, usipofungua huoni kona, na kona za kule wenye kuzijua wanazijua.

Gari yangu ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, injini ya dizeli inayoitwa 3L, jina tu si lita tatu, ile ya 2,779 cc isiyokuwa na tabo wala kompyuta. Siiuzi. Tangu 2018 sheria hapa Uganda inakataza kuingiza gari iliyofikisha miaka 15, kwa hiyo hizi gari za zamani zilizopo ndizo hizohizo, ikifa moja hakuna nyingine ya rika lake itakayoshuka melini, na ile mpya inayoruhusiwa bei yake mwenye viazi haiwezi. Ndo maana nakasirika nikisikia dawa ya kila kitu ni kuziba.

Ugonjwa wenyewe ulianza kimyakimya. Maji ya redieta yakawa yanapungua, leo nusu lita, baada ya siku tatu nusu lita tena, na chini ya gari pakavu kabisa hamna hata tone. Fundi wa kwanza akabadilisha kifuniko cha redieta, sawa, kilikuwa kimechoka kweli. Maji yakaendelea kupungua. Akasema pampu ya maji, tukaweka pampu. Yakaendelea. Ndo akaniangalia kwa ile sura ya daktari anayetaka kukupa habari mbaya, "Mzee, hii ni hedi gasketi", ile gasketi inayokaa kati ya hedi na bloku ya injini, na mwenye dizeli yoyote ukimwambia hedi gasketi anaanza kuhesabu mbuzi wake. Nikamwambia fundi subiri kwanza, moshi haujawa mweupe, oili haijawa kama maziwa, mapovu kwenye redieta hakuna, unafungua hedi ya nini?

Aliyegundua hakuwa fundi wala mimi, alikuwa mama watoto. Tulikuwa tunaenda misa, mimi nimewasha hita, akasema mbona gari yako inanuka kama mtu anapika sharubati? Mimi nilikuwa nimeizoea ile harufu, nadhani nilifikiri ni viazi vilivyooza nyuma ya kiti. Halafu akapitisha kidole kwenye kioo kwa ndani akanionyesha, kidole kina utelezi, mafuta si mafuta. Kumbe mimi kila asubuhi nafuta kile kioo na kitambaa nalaumu kitambaa. Akainama akashika kapeti ya upande wake, wa kushoto, chapachapa, na viatu vyake vya misa vimeshalowa. Siku ile nilisikia mahubiri mawili.

Basi kwa wasiojua hii kitu iko wapi, hita ya gari ni redieta ndogo, ukubwa wake kama kitabu kinene cha shule, imefichwa ndani ya sanduku la plastiki nyuma ya dashibodi. Maji ya moto yanatoka kwenye injini kwa hozi moja, yanapita ukuta wa kabini, yanazunguka kwenye kile kiredieta, yanarudi kwa hozi ya pili. Feni ndogo inapuliza hewa katikati ya mapezi yake na hewa inatoka moto. Ndo mambo yote. Kwa hiyo ikitoboka maji hayadondoki barabarani ukayaona, yanadondoka ndani ya sanduku, yanatambaa chini ya kapeti, na mengine feni inayapuliza kama mvuke mpaka kwenye kioo na kwenye mapafu yenu. Kama gari inakunywa maji na chini pakavu, kabla hujamruhusu mtu kugusa hedi, vua kapeti ya mbele upande wa abiria ushike kwa mkono. Kushika hakuna bei.

Sasa tuje kwenye hiyo dawa ya kuziba, maana niliijaribu, tena mara mbili.

Mara ya kwanza yule fundi hakuunganisha hata hozi. Alichomoa zote mbili kwenye ukuta, kila moja akaipigia bolti kubwa mdomoni na klipu juu yake, akapangusa mikono. Nikamlipa elfu kumi nikamwona mtaalamu. Wiki ya pili napanda kutoka Muhanga kuja Kabale na mzigo, nikasikia kishindo kidogo, pu, kama tairi ya baiskeli. Naangalia geji ya temperecha, iko chini vizuri kabisa, tena inashuka, nikajisemea ni kitu kingine. Kumbe bolti imeruka, maji yote yamemwagika, na ile sensa ya geji ikikosa maji ya kuigusa inabaki kwenye hewa na mvuke, inaweza kukudanganya injini iko baridi wakati inaungua. Kilichoniokoa ni harufu na mvuke kwenye bonneti. Nikazima palepale mlimani, kijana akaruka na jiwe la tairi kabla sijamwambia. Hizi injini za Toyota za familia ya L, 3L ikiwemo, hazipendi kabisa kuchemka, hedi inapata ufa na hapo ndo unazungumza pesa ya kweli. Mungu alikuwepo, haikupasuka, lakini nilikaa kwenye ukingo wa barabara saa mbili nzima nasubiri ipoe nikiwaangalia watu wa boda wananionea huruma.

Bolti kwenye hozi ya hita, jamani! Ile hozi inabeba maji ya moto yenye presha kama redieta kubwa. Kifuniko cha redieta yangu kimeandikwa 0.9, maana yake kinaiweka presha ndani karibu kama ya hewa nyingine nzima juu ya hii tunayopumua, na kazi yake ni kuzuia maji yasichemke mapema. Huku kwetu juu hilo ni jambo kubwa kuliko kwa watu wa ziwani, maji ya sufuria hapa Kabale yanachemka kwenye digrii 93 hivi, muulize mama yeyote anayepika maharage. Bila presha maji ya gari nayo yangechemka palepale kwenye mlima wa kwanza. Kwa hiyo kila tundu dogo, kila klipu iliyolegea, si maji tu unapoteza, unapoteza na presha.

Mara ya pili tukaunganisha sawasawa, kipande cha bomba la shaba, hozi mbili zikawa moja, klipu nzuri. Hiyo sitaisema vibaya, haikuvuja, na kama uko safarini umekwama Lyantonde usiku, fanya hivyohivyo ufike nyumbani. Lakini ya kufika nyumbani, si ya kuishi nayo. Nilikaa nayo msimu mzima wa mvua. Kila asubuhi nakata kiazi nusu napaka kwenye kioo kwa ndani, ujanja wa madereva wa zamani, ule wanga unazuia ukungu usishike kwa muda, na viazi mimi ninavyo. Inasaidia dakika ishirini. Halafu kioo kinakuwa na michirizi, jua likichomoza mbele yako unaona chapati nyeupe. Kijana wangu alikuwa anafuta upande wake na soksi. Na kuna kitu kingine yule mwandishi hakukifikiria, injini ikianza kupanda joto mlimani ukiwa na mzigo, dereva mwenye hita nzima anaifungua mpaka mwisho na feni juu, kabini linakuwa tanuri lakini anaipunguzia injini joto mpaka apate mahali pa kusimama. Ni redieta ya akiba. Ukishaikata huna hata hiyo.

Nikaamua naiweka mpya. Kabla ya hapo nilimpelekea mzee mmoja anayeziba redieta kwa lehemu, mzee wa heshima sana, anafanya kazi kwa mkono mmoja na redio kwa mkono mwingine. Ile yangu ya zamani ni ya shaba kwa hiyo inakubali lehemu, zile za alumini zenye vichwa vya plastiki hata usimsumbue mtu. Akaiziba tundu moja, akaitumbukiza kwenye karai, akapuliza, mapovu yakatoka pengine. Akaziba. Pengine tena. Akanitazama, "Sebo, hii ni shati bovu, ukishona bega linachanika kwapa." Lakini nilimlazimisha. Ikadumu wiki tatu. Niliporudi akaikata katikati kwa msumeno ili nione, na hapo ndo nilifunga mdomo: ndani mlikuwa na tope la rangi ya matofali, na magamba meupe kama yale ya ndani ya birika, nusu ya vijibomba imezibika kabisa. Maji yangu mwenyewe hayo. Ya kijito, ya bomba, ya jerikani lililokuwa na sijui nini, na siku moja tulichota hata ziwa Bunyonyi maana lilikuwa karibu. Miaka yote hiyo.

Kutafuta spea ni hadithi yake. Nilienda mwenyewe Kampala, karibu kilomita 400 na kidogo, nikazunguka maduka ya Ndeeba. Kosa ambalo nusura nifanye, na wengi wanalifanya, ni kutaja jina la gari tu. "Hita ya Hilux." Wanakuletea hita ya Hilux kweli, ila ya usukani wa kushoto, vile vibomba viwili vinatoka upande mwingine. Au urefu sawa unene tofauti. Mimi nilibeba ile mbovu iliyokatwa nusu ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu anayetembea na samaki, na kila duka naitoa naiweka kaunta, tunapima. Muuzaji mmoja aliniambia "bosi hii itaingia tu, fundi ataikunja kidogo". Ukiambiwa spea itaingia ikikunjwa, ondoka. Nilipata za aina mbili, ya alumini mpya na ya shaba iliyotumika kutoka Japani. Iliyotumika ilikuwa rahisi zaidi lakini ndani yake sioni, na imeshaishi maisha ya mtu mwingine, nikachukua mpya. Nyongeza nilichukua hozi mbili mpya, mita moja kila moja, na klipu nne. Usiweke hita mpya kwenye hozi za zamani zilizovimba, utalia mara mbili.

Kazi yenyewe tulifanya nyumbani na kijana mmoja fundi, si yule wa bolti. Nitaieleza kidogo kwa sababu watu wanaogopa dashibodi kuliko wanavyoogopa injini. Kwanza gari ilale, ipoe kabisa, kifuniko cha redieta cha moto hakifunguliwi, kuna watu wana makovu usoni kwa sababu ya haraka ya dakika kumi. Toa waya wa betri. Fungua bomba la chini la redieta, kinga maji kwenye beseni, na hilo beseni liondoe mara moja, kama lilikuwa na kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya redieta, ni tamu na ni sumu, mbwa akilamba anakufa, na mtoto hana tofauti. Sisi tulisahau beseni letu dakika tano tu nikamkuta mtoto wa jirani amechuchumaa mbele yake anaangalia ile rangi nzuri ya kijani. Nilipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Yale ya zamani tuliyaweka kwenye jerikani lenye alama, hatukumwaga mferejini.

Pale hozi zinapoingia kwenye ukuta ndo mafundi wengi wanaharibu. Hozi imeungua imeshikana na bomba, fundi anaivuta kwa nguvu zake zote, bomba la shaba ni laini linakunjika au linakatika. Kama ni hita mbovu unatupa, sawa, lakini wengine wanavunja nzima wakiwa wanabadilisha hozi tu. Usivute. Chana hozi kwa kisu kwa urefu, imenye kama ndizi.

Ndani tulitoa kasha la mbele ya abiria, redio, vifuniko vya katikati, zile waya nyembamba za vishikizo vya moto na baridi, na kwenye yangu tulilegeza dashibodi ivutwe nyuma kidogo bila kuitoa yote, gari nyingine zinataka itoke yote. Yule kijana alikuwa na akili moja nzuri, kila skrubu anaibandika kwa selotepu kwenye kipande cha boksi na kuandika imetoka wapi, na kila kitu kabla hajakigusa anakipiga picha na simu. Nimeona mafundi wa miaka thelathini wanaobaki na skrubu tisa mkononi wanasema hizi zilikuwa za ziada. Sanduku la hita likatoka, tukafungua, kiredieta kikavutwa kama droo. Chini ya sanduku tulikuta majani makavu, shilingi mia mbili na risiti ya dizeli imeoza.

Mambo mawili nilisisitiza mimi na kijana alikuwa anataka kuyaruka. La kwanza, hita mpya tuliijaribu kabla haijaingia, tukaziba bomba moja, jingine tukaunga pampu ya baiskeli, tukaizamisha kwenye karai la maji na kupiga taratibu. Kama ina tundu ujue ukiwa umesimama nje, usijue baada ya kufunga skrubu arobaini. La pili ni ile sponji inayozunguka hita ndani ya sanduku. Ya zamani ilikuwa imegeuka unga. Ukiiacha, hewa ya feni inapita pembeni, haipiti kwenye mapezi, unapata hita mpya inayopuliza baridi halafu unamtukana muuza spea bure. Tulikata kipande cha godoro jembamba, kikakaa vizuri.

Kabla ya kuunganisha tukaosha injini, mpira wa maji wa bustani kwenye hozi ya hita tukisukuma kinyumenyume, yakatoka maji mekundu kama ya mafuriko ya Kasese, tukaacha mpaka yakawa meupe. Halafu kulanti nusu na maji safi nusu, na hapo kuna hewa. Hewa ikibaki ndani hita haipati moto na injini inapanda joto, na utasikia nyuma ya dashibodi kama mtu anasukutua mdomo. Sisi tuliiegesha gari pua ikiangalia mlimani, kishikizo cha hita kwenye moto kabisa, kifuniko wazi tangu ikiwa baridi, injini inanguruma polepole na tunaongeza kidogokidogo mpaka mapovu yakaisha na hozi zote mbili zikawa moto. Hozi moja moto na nyingine baridi maana yake maji hayazunguki. Kesho yake asubuhi ikiwa imepoa tukaangalia tena, ikakubali karibu lita moja.

Kazi nzima siku moja na nusu, na nusu tuliipoteza kwa mvua.

Sasa Mhariri, hapa ndo pananiuma. Hita yangu haikufa kwa uzee, niliiua kwa jerikani. Redieta kubwa, hita, pampu, na vile vifuniko vidogo vya chuma ubavuni mwa bloku, vyote vinakula kutu ileile, ila hita ina vijibomba vyembamba kuliko vyote ndo inatangulia kutoboka. Ni kama yule mtoto mdogo anayeanza kuumwa nyumba ikiwa na maji machafu. Sasa wewe umeiziba, umemnyamazisha mtoto, na maji ni yaleyale. Yule msomaji atajua nasema nini siku redieta kubwa itakapofuata, na ile huwezi kuunganisha hozi ukasahau.

Kulanti watu wanasema ni ya baridi, ya barafu, huku hakuna barafu. Ndani yake kuna dawa ya kuzuia kutu na magamba, hiyo ndo tunayoitaka sisi. Na madukani kuna maji yaliyotiwa rangi, nimeyanunua mwenyewe. Ujanja wangu ni kumwomba mama wa soda aniwekee kichupa cha ile niliyochanganya nusu kwa nusu kwenye friza yake usiku mmoja. Kulanti yenye dawa ya barafu haigandi mle, ikiwa jiwe ujue umeuziwa rangi. Isipokuwa zipo nyingine zimetengenezwa makusudi kwa nchi za joto, zina dawa ya kutu peke yake, hizo zitaganda na si uongo, lebo yake inasema, kwa hiyo soma kwanza kabla hujaenda kugombana.

Na jambo jingine ambalo fundi mmoja wa sola ndiye aliyenifundisha, si wa magari, waya mbovu wa hasi kati ya injini na bodi unaweza kuufanya umeme upite kwenye maji ya redieta, na umeme huo unakula chuma usiku na mchana, alumini ndo inateseka zaidi. Alichukua mita yake ya kupimia umeme, waya mmoja akauzamisha kwenye maji ya redieta bila kugusa chuma, mwingine kwenye hasi ya betri, injini inawaka na taa zimewashwa. Ikizidi volti 0.3 kuna tatizo. Yangu ilizidi. Tulisugua waya wa hasi, tukaongeza mwingine, ikashuka. Ningekuwa nimeweka hita mpya ya alumini bila kupima hivyo, ingetoboka mapema na ningeandika barua hii nikimtukana Mjapani.

Sitaki kuwalaumu vijana wa gereji peke yao. Wengi hawajawahi kuonyeshwa, vitabu vya gari ni vya Kiingereza au Kijapani, na mteja mwenyewe amesimama juu ya kichwa chake anasema fanya haraka fanya rahisi. Serikali ilitangaza 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari hapa Uganda, vizuri sana, watoto wajue mashairi, lakini na sisi watu wa spana tungepata ukurasa mmoja kwenye gazeti lako wa kutuambia kitu kinaitwaje na kinafanya nini, maana pale gerejini Mkiga, Mganda, Mnyarwanda na mtu wa Arua wote wanaelewana kwa Kiswahili hikihiki changu cha barabarani.

Namaliza na shida, sio salamu. Hita yangu inawaka, kioo kiko safi, mama watoto amerudi kukaa mbele, lakini ile koki ndogo ya kufungulia maji ya hita, ile inayovutwa na waya kutoka dashibodi, imeshikana wazi na plastiki yake imeanza kupasuka. Nikishuka Mbarara mchana nachomwa miguu kama nimesimama jikoni. Nimetafuta Kabale, nimetafuta Ndeeba, zote nilizoonyeshwa ni za petroli, mkono wake unavutwa upande wa pili. Kama kuna msomaji mwenye 3L aliyepata ya kwake, aandike hapahapa gazetini aseme ni ya gari gani inakubali, nitasubiri mpaka nakala ifike huku na chai yake.

Dereva wa viazi,
Kabale